Jumatatu za Fundi Porfirio

Siku ya Jumatatu, katika mtaa wa El Porvenir unaweza kumsikia hata kuku akiparura. Siku nyingine kuku humsikii. Nyumba hii inagonga nyundo, ya pili inagonga, ya tatu cherehani zinanguruma, na kila redio imefunguliwa mpaka mwisho ili ishindane na nyundo za jirani. Harufu ya gundi imetanda barabarani hadi mbwa wanapiga chafya. Lakini Jumatatu fundi viatu hashiki nyundo. Babu zao hawakushika, baba zao hawakushika, na ukimuuliza mmoja kwa nini, anakutazama kama umemuuliza kwa nini Jumapili kuna misa. Ni Jumatatu Takatifu, basi. Wengine hulala, wengine huenda kucheza mpira kwenye uwanja wa vumbi, wengine hujipanga kwenye benchi la Hermelinda muuza chicha, pombe ya mahindi. Na kila jiko lina sufuria ya shámbar, supu nzito ya ngano, maharage na ngozi ya nguruwe, kwa sababu mtu wa huku asipoinywa Jumatatu huona wiki haijamwanzia.

Eudocia Otiniano alikuwa ameipika yake tangu alfajiri. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye nywele za mvi alizozisuka mikia miwili kama walivyosuka kwao milimani, Otuzco. Alishuka kutoka huko akiwa mtoto, akiwa ameshika sketi ya mama yake, wakajenga kibanda cha mikeka juu ya mchanga, na kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kufuta gundi kwenye viatu vya watu kwa kipande cha mpira. Alifuta gundi akawa msichana, akafuta akaolewa na Santos, mkata ngozi, naye Santos akaweka karakana kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Viatu vyeusi vya shule, vya kike na vya kiume, hivyo tu.

Santos alipokufa, mtaa mzima ulijua karakana imekufa naye. Waliomzika Jumamosi walikuwa wameshaanza kuulizana nani atanunua cherehani. Jumanne asubuhi Eudocia alikuwa amekaa kwenye ngazi, gauni jeusi, hajui aanze kulia upya au afagie, ndipo Porfirio Haro alipompita bila neno, akaingia, akavaa aproni yake, akakaa kwenye kigoda chake kifupi na kujaza mdomo misumari midogo, kama wafanyavyo wote wanaowamba viatu. Halafu, kwa ile pembe ya mdomo iliyobaki wazi, akasema:

"Tunaanza na saizi gani, mama?"

Hakusema pole, maana pole alishaisema makaburini. Eudocia alinyanyuka akaenda kumtafutia kalibu za saizi thelathini na mbili, na tangu siku hiyo karakana haikufungwa tena, ila Jumatatu.

Kuwamba ndiyo roho ya kiatu. Mkataji anakata, mshonaji anashona, lakini ngozi bado ni kitambaa tu mpaka atokee mtu wa kuivalisha kalibu, ule mguu wa mbao usio na mwenyewe, aivute kwa koleo, agonge msumari, avute, agonge, mpaka ngozi ikubali kwamba sasa ni kiatu. Porfirio alikuwa amevuta maisha yake yote. Na sasa vidole vilikuwa vimeanza kumsaliti. Kifundo cha gumba la kulia kilivimba kikawa kama kitunguu, koleo halifungi sawasawa, na kwenye ncha ya kiatu, pale ambapo jicho la mteja hutua kwanza, yakaanza kuonekana makunyanzi.

Hakuna aliyesema. Jioni, Porfirio akishaondoka, Eudocia aliwasha pasi ya nguo, akatandika kitambaa kibichi juu ya ncha ya kila kiatu, akanyoosha. Pengine yalitoka. Pengine yalirudi njiani, na mwenye duka la mjini akarudisha mzigo, akisema siku hizi vinakuja viatu vya nje kwa meli, bei nusu, laini kama yai.

"Shangazi, pasi itaunguza ngozi," alisema Luzmila.

Luzmila alikuwa mtoto wa kaka yake, miaka ishirini, mshonaji mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo.

"Shona huko."

"Nashona. Nasema tu."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa manispaa ilipotangaza kwamba imejenga ukumbi jirani na soko la viatu na kuweka humo mashine ya kuvuta ncha na nyingine ya kubana soli, ili karakana ndogo zitumie kwa zamu. Zitakazoingia zitapewa pia oda ya viatu vya watoto wa shule za mji, msimu mzima, ili watu wapate kazi hapahapa badala ya kwenda kuvuna mboga za asparaga kwenye mashamba ya jangwani. Sharti lilikuwa moja: mtu wa manispaa apite aone kwa macho yake kwamba karakana ipo na watu wanafanya kazi.

Naye akapita Jumatatu.

Eudocia alikuwa anaonja chumvi aliposikia hodi. Mlangoni alisimama msichana mwenye fulana ya manispaa, viatu vimejaa vumbi hadi kwenye kamba, uso umeiva kwa jua.

"Mimi ni Injinia Pilar Vereau. Nimekuja kuona karakana."

"Ndiyo hii unayoikanyaga, mwanangu. Pita."

Pilar akapita. Vigoda vilikuwa vimepinduliwa miguu juu. Cherehani zimefunikwa shuka la maua. Paka alikuwa amelala ndani ya boksi la soli na hakuona sababu ya kuinua kichwa.

"Wafanyakazi wako wapi, mama?"

Eudocia angeweza kusema wamekwenda kununua ngozi. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini hakuwa na kipaji hicho. Akisema uongo masikio yanamuwasha.

"Leo Jumatatu," alisema.

"Najua ni Jumatatu."

"Basi."

Pilar alivuta pumzi kama mtu aliyeahidi tangu asubuhi kutokasirika. "Mama, hii ni karakana ya tano. Zote hivi hivi. Ya kwanza mtu kanifungulia kajifunga shuka, eti niongee polepole, kichwa kinamuuma. Hapo kwenye kona wameniambia fundi yuko uwanjani, ni golikipa. Naanza kuamini mtaa huu una vibao vya karakana bila karakana. Na hivyo ndivyo nitakavyosema nikirudi."

Eudocia alimtazama, halafu kicheko kikamtoka bila ruhusa, akashika meza. "Wewe umetokea wapi, mwanangu?"

"Arequipa, kusini."

"Ndiyo maana!" Akajifuta macho kwa aproni. "Nani kakutuma Jumatatu?"

"Hakuna aliyenituma. Mimi mwenyewe nilichagua Jumatatu. Nilisema nitawakuta wamepumzika, wana nguvu."

"Kaa. Kaa hapo nikupe bakuli. Ukija kumtafuta fundi viatu Jumatatu utamkuta, ila hana uso wa kuonyesha watu."

Akamweleza, akichota supu. Wiki ya fundi huishia Jumamosi usiku, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya kupeleka mzigo sokoni; Jumapili ni ya mama watoto na misa; sasa ya kwake mwenyewe iko wapi? Ndiyo hiyo Jumatatu. "Njoo kesho saa moja asubuhi," alisema, "usimame pale kwenye kona. Kama masikio hayatakuuma kwa nyundo, uniite mwongo mbele ya watu."

Pilar alikuwa ameshaanza kula, kwanza kwa adabu, kisha kwa njaa. Ndipo mlango uliposukumwa akaingia Porfirio, kofia mkononi, shati la Jumatatu limepigwa pasi, akaelekea moja kwa moja kwenye sufuria. Hakuwa na mke wala mtoto. Kila Jumatatu saa sita alikuja kunywa shámbar ya Eudocia, tangu enzi za Santos, na hakuhitaji kukaribishwa.

"Ala! Kuna mgeni," alisema. "Mama, usiniambie ni posa. Luzmila kapata?"

"Mzee, angalia vizuri, ni mwanamke," alisema Luzmila kutoka jikoni.

"Macho yangu siku hizi hayachagui."

"Yanachagua nyama tu."

Pilar akacheka, akasogea kumpisha benchi. Walipokuwa wanakula alimuuliza anafanya kazi gani humu, naye Porfirio akajibu kwamba anawamba, kwa mdomo na mikono, kama alivyofundishwa. Pilar aliona gumba lile. Akasema, kwa moyo mzuri kabisa, kwamba mashine ya manispaa inafanya kazi hiyohiyo kwa kufumba na kufumbua, na vidole havitaumia tena.

Porfirio aliweka kijiko chini.

"Na mimi?"

"Wewe utapumzika, fundi."

"Nitapumzika," alisema Porfirio polepole, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. Hakumaliza bakuli lake.

Kesho yake Pilar alirudi saa moja, akasimama kwenye kona, akaziba masikio. Karakana ya Eudocia ikapita, na zile nne nyingine zikapita. Likabaki jambo moja. Kila karakana itoe mtu wake ajifunze kuiendesha mashine kabla ya sikukuu ya San Crispín, msimamizi wa mafundi viatu, siku ambayo ukumbi utabarikiwa na oda kugawiwa. Isiyokuwa na mtu itasubiri mwaka ujao.

Eudocia alijua vizuri kwamba mwaka ujao karakana haitaufikia. Mwenye duka alishamwambia mzigo mwingine wenye makunyanzi asiulete.

Akamtaja Porfirio.

Porfirio akaenda, Jumanne ya kwanza ya mafunzo, amenyoa ndevu. Ukumbi ulijaa vijana wa karakana nyingine, wenye viatu vya mpira na nywele zilizosimama. Zamu yake ilipofika alivaa aproni, akasogea kwenye mashine, na kwa mazoea ya miaka yake yote akajaza mdomo misumari.

"Babu, tema hiyo!" mmoja akapiga kelele. "Hii haitafunwi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Porfirio akatema misumari mkononi, akakanyaga pedali kabla ya wakati, mashine ikavuta, na ngozi ikapasuka kutoka ncha hadi kwenye ulimi, kwa sauti ambayo kila fundi humo ndani alihisi mgongoni. Vijana wakacheka tena. Hawakuwa wabaya, walicheka kama wanavyocheka mtu akiteleza sokoni. Lakini Porfirio alivua aproni, akaikunja mara nne, akatoka.

Alipofika karakana hakukaa. "Mpeleke Luzmila," alisema.

"Fundi, ni siku ya kwanza tu."

"Mpeleke Luzmila, mama. Mimi nishakuwa kalibu ya kiatu kisichovaliwa tena."

Akakaa kwenye kigoda chake, akachukua koleo, akawamba mpaka jioni.

Jioni, Eudocia akiwa na pasi mkononi, Luzmila alikuja akaegemea meza. Safari hii hakuwa na utani.

"Shangazi, nitakwenda mimi. Ile nitaiweza kwa siku tatu."

"Najua utaiweza."

"Sasa?"

Eudocia alipuliza kitambaa, mvuke ukampanda usoni. "Sasa wewe ukivuta kwa mashine, yeye atakaa wapi?"

Luzmila alikitazama kile kigoda. Ngozi yake ya kukalia ilikuwa imebonyea umbo la mtu mmoja tu. Alichukua kiatu kilichofuata akamshikia shangazi yake wakati ananyoosha.

Jumatatu iliyofuata Porfirio hakuja kunywa shámbar.

Eudocia alimwekea bakuli, akalifunika kwa sahani, akalipasha moto, akalifunika tena. Mpaka paka akalala juu ya benchi pale anapokaa Porfirio. Jumanne akaja kazini kwa wakati, hanuki pombe, macho chini.

"Jana hukuonekana, fundi."

"Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli Jumatatu?"

"Mama, hata mimi nina shughuli zangu."

Jumatatu nyingine tena hakuja. Eudocia alivuka barabara mpaka kwa Hermelinda, ambaye alikuwa anachota chicha kwa kibuyu na kumgombeza mlevi wake wa kwanza.

"Porfirio? Kwangu hajakanyaga, shoga. Nilidhani umemfungia ndani."

"Nimfungie ndani nimfanyie nini?"

"Mimi sijui, wewe ndiye mjane." Kisha alipoona uso wa mwenzake, akapunguza sauti. "Labda anakunywa kwa wengine. Mwanamume akiona haya haendi anakojulikana."

Luzmila naye alileta la kwake kutoka sokoni. Wanasema mzee anatafuta kazi kwa akina Polo. Akina Polo hawakuomba mashine. Wao wanawamba bado kwa mkono, viatu vya wakulima, vinene, ambavyo makunyanzi yake hayaulizwi.

Hilo lilimwingia Eudocia kama mwiba wa samaki; kila akimeza linachoma. Kama anaondoka, aondoke. Lakini aage! Mtu aliyeingia bila hodi siku ile ya gauni jeusi, anatokaje kimyakimya hivi? Halafu hasira ikimtoka anajiuliza: na mimi nilimpeleka kuchekwa na watoto, nilitegemea nini?

Siku za San Crispín zikakaribia. Mtaani walianza kufunga karatasi za rangi kutoka waya hadi waya. Pilar alipita mwisho wa wiki, akasimama mlangoni bila kuingia. Porfirio alikuwa kwenye kigoda chake. Hawakuangaliana, na Eudocia akaona jambo hilo ni la ajabu kidogo, maana Pilar alikuwa msichana wa kusalimia hata mbwa.

"Mama Eudocia, Jumanne nataka unithibitishie jina la mtu wako."

"Jumanne utalipata."

Basi akakata shauri. Jumatatu atamtafuta mwenyewe. Atamwambia kwamba Luzmila anakwenda kwenye mashine, lakini kigoda kinabaki pale kilipo, na yeye anabaki juu yake, awambe jozi mbili kwa wiki, awambe moja, akae tu na redio. Atamwambia hivyo uso kwa uso na bakuli mkononi, maana mtu akishika bakuli ni vigumu kuondoka.

Jumatatu ilipofika akatia supu kwenye sufuria ndogo yenye mfuniko, akaifunga kwa kitambaa, akatoka. Uwanjani hayupo. Kwenye chumba chake, nyuma ya duka la mikate, mwenye nyumba alikuwa anaanika shuka.

"Katoka mapema, mama. Kabeba aproni."

"Aproni? Leo?"

"Nami nilishangaa. Nikamwambia, fundi, leo Jumatatu. Akanijibu, najua."

Eudocia alihisi sufuria imekuwa nzito. Aproni siku ya Jumatatu. Basi ni kweli, yuko kwa akina Polo, na tena kwa unyonge gani mpaka anawafanyia kazi siku ambayo hata yeye Eudocia hajawahi kufanyiwa. Akaenda kwa akina Polo. Alitembea haraka akipanga maneno, na yote aliyoyapanga yalikuwa makali. Alipofika akakuta kufuli mlangoni, na mzee Polo mwenyewe amekaa nje kwenye kivuli, miguu ndani ya beseni la maji.

"Karakana imefungwa?" aliuliza Eudocia.

"Wewe nawe! Umekuwa mtu wa Arequipa kama yule msichana? Leo Jumatatu."

Kweli. Ni Jumatatu kwa akina Polo pia. Eudocia alisimama katikati ya barabara, maneno makali yote hayana pa kwenda. Hakuna nyundo. Hakuna redio. Kuku alikuwa anaparura. Na katika ukimya ule, mbali, upande wa soko, akasikia kitu: pumzi nzito ya chuma, halafu mlio mfupi, halafu kimya. Kisha tena. Mashine moja peke yake katika El Porvenir nzima.

Akaufuata mlio.

Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa nusu. Eudocia alisogea mpaka kwenye ufa, akakumbatia sufuria ili mfuniko usilie. Ndani, Pilar alikuwa ameketi juu ya kreti, nywele amezifunga kwa kamba ya kiatu. Mbele ya mashine alisimama Porfirio na aproni yake. Sakafuni, pembeni mwake, kulikuwa na lundo la ngozi zilizopasuka, na upande wa pili lundo dogo la viatu vilivyokubali.

"Tena," alisema Porfirio.

"Fundi, pumzika kidogo."

"Tena, mwalimu. Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Mguu wako unawahi. Unakanyaga kama unaua mende. Isikilize kwanza ivute pumzi, ndipo ukanyage."

Porfirio alifuta mikono. Akavalisha ngozi kwenye kalibu, taratibu, akaipapasa kuona imekaa katikati, akaisogeza kidogo tu kwa lile gumba lake. Akangoja. Mashine ikavuta pumzi. Akakanyaga. Alipokitoa kiatu akakigeuza kwenye mwanga, akanuna, akachukua koleo lake la zamani kutoka mfukoni, akavuta pembe moja upande wa ndani.

"Hapa imevuta kama mtu anayemvalisha mtoto soksi akiwa na hasira," alisema.

Pilar akacheka. "Vijana hawakioni hicho."

"Wataonaje? Wanaangaliana nywele." Kisha akasema, bila kugeuka: "Huyo Mama Eudocia kesho atakuuliza?"

"Mimi ndiye nitakayemuuliza yeye. Fundi, kwa nini usimwambie tu? Luzmila alinisimamisha sokoni. Anasema shangazi yake hali chakula."

Porfirio alirudisha koleo mfukoni. Eudocia, nje, alisogeza sikio kwenye ufa.

"Ananyoosha makunyanzi yangu kwa pasi," alisema. "Kila jioni. Anafikiri sijui. Nikija asubuhi nakuta ngozi inanuka mvuke, na vidole vyake vina alama za kuungua, na hasemi kitu, ananiuliza kama nimekunywa kahawa." Akapapasa ncha ya kile kiatu. "Nikiweza hii, nitamwambia. Nisipoweza, afadhali aseme Porfirio alikuwa mlevi. Ulevi watu wanausamehe. Jumanne kuna wale watoto. Jumatatu hakuna wa kunicheka ila wewe."

"Mimi nakucheka?"

"Kimoyomoyo."

"Kimoyomoyo kidogo," alikubali Pilar, akasimama kwenda kumchagulia ngozi nyingine.

Eudocia aliinama, akaweka sufuria kwenye kizingiti. Akagonga mlango mara mbili. Halafu, mwanamke mzima, mjane, mwenye karakana na mvi, akakimbia na sketi mkononi mpaka nyuma ya ukuta wa soko kama mtoto aliyegonga kengele ya watu, akaegemea pale, akicheka na kulia kwa wakati mmoja na asijue kipi kimetangulia. Alisikia mlango ukifunguliwa. Halafu mfuniko ukafunuliwa, na sauti ya Porfirio ikasema, bila kupaza:

"Ngozi ya nguruwe ni nyingi leo."

Mlango ukafungwa tena. Muda si muda vijiko viwili vikaanza kugonga sufuria.

Jumanne saa moja mtaa ulikuwa unapiga kelele zake zote. Luzmila alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, redio juu, Eudocia anapanga maboksi yasiyohitaji kupangwa. Porfirio akaingia. Akaweka sufuria mezani, imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa kuliko siku iliyonunuliwa. Pembeni yake akaweka kiatu, cheusi, cha shule, saizi thelathini na mbili.

Eudocia alikichukua. Alipitisha gumba kwenye ncha, kuanzia upande wa nje mpaka wa ndani, akarudi. Hakukuta kitu cha kusimamisha gumba.

"Nani kawamba hiki?" aliuliza.

"Sisi wawili. Mimi na yule wa chuma."

Luzmila alizima redio.

"Shámbar ilikuwaje?" alisema Eudocia.

"Chumvi haikutosha kidogo. Lakini niliona ilipikwa na mtu mwenye mawazo." Porfirio alizunguka meza mpaka kwenye rafu, akaishusha ile pasi, akafunga waya wake vizuri, akampa mkononi. "Hii, mama, irudi kwenye nguo. San Crispín ni Jumamosi na shati langu limekunjamana."

Pilar alipopita kuchukua jina, alimkuta Eudocia ametandika shati la mwanamume juu ya meza ya kukatia ngozi, ananyoosha kola. Porfirio alikuwa kwenye kigoda chake, misumari mdomoni, anamwelekeza Luzmila kwa kidole kipande cha kushona. Eudocia alilitaja jina la Porfirio bila kuinua kichwa, na Pilar akaondoka kwenda nyumba ya pili, akipaza sauti ili ashinde nyundo:

"Hodi! Leo sijakosea siku!"